Wastani Upi Utumie? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Daftari la Biashara, Chama au Darasa

Karibu kila mwezi naletewa madaftari niyapitie. Mwenye kibanda cha chapati Kayole, mwendesha boda Githurai, mweka hazina wa chama cha akiba mtaani Umoja, mwalimu wa darasa Dandora. Kujumlisha kwao huwa safi kabisa. Kosa huingia kwenye mstari wa mwisho: jumla inagawanywa kwa idadi, jibu linapigiwa mstari, na pembeni linaandikwa neno "wastani", hata pale ambapo hesabu hiyo haijibu swali lililoulizwa.

Kosa hilo linawala watu pesa. Mkopo unachukuliwa kwa kipato kisichokuwepo, nyanya zinauzwa kwa hasara, mteja anaahidiwa muda usiowezekana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, ukitumia namba zako mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Namba zako, angalau za wiki mbili. Siku tatu ni chache mno. (Mifano yangu hapa ni mifupi ili uweze kuikagua kwa macho.)
- Daftari na kalamu.
- Kikokotoo cha simu chenye alama ya kipeuo cha pili, √. Katika simu nyingi alama hiyo hujitokeza ukiilaza simu.
- Taarifa ya M-Pesa ya kipindi hichohicho, kama wateja wako hulipa kwa simu.
- Excel au Google Sheets ukipenda. Kila kitu hapa chini kinawezekana bila hizo.

## Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa kikokotoo

Juu ya ukurasa mtupu andika sentensi moja: namba ninayotafuta itanifanyia kazi gani?

Usiandike "nataka wastani wa mauzo". Andika "nataka kujua kama naweza kulipa mkopo wa shilingi 2,000 kila siku", au "nataka kujua mwezi huu utaniletea kiasi gani". Maswali hayo mawili yanatumia mauzo yaleyale, lakini majibu yake ni namba mbili tofauti kabisa.

Sababu ni hii. Wastani ni namba moja inayosimamishwa mahali pa nyingi, na inaposimama hapo kuna kitu ambacho hakipaswi kubadilika: pengine jumla, pengine nafasi ya mtu wa katikati, pengine pesa zitakazobaki mwisho wa mwaka, pengine muda wa safari. Wewe ndiye unayejua ni kipi. Kikokotoo hakijui.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine nyumbani anaweza kusoma sentensi yako na kukueleza ni uamuzi gani unakaribia kuufanya.

## Hatua ya 2: Safisha namba

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo nimeona makosa mengi kuliko hatua nyingine yoyote.

Kwanza, ondoa pesa ambazo si za swali lako. Kwenye taarifa ya M-Pesa, Fuliza (pesa unazokopeshwa salio lisipotosha) si mauzo. Mkopo si mauzo. Elfu tano alizotuma shangazi kwa karo ya mtoto si mauzo, ingawa zote zimeingia kwenye simu ileile.

Pili, tenganisha sifuri na pengo. Ukifungua kibanda mvua ikanyesha kutwa na usiuze chochote, hiyo ni sifuri, iandike. Usipofungua kwa sababu ulikuwa kanisani, amua kwanza: swali lako linahusu siku za kazi au siku zote za kalenda? Kodi ya nyumba haingoji siku za kazi, kwa hiyo swali la kodi linahesabu siku zote. Excel na Google Sheets huruka kisanduku kitupu na kuhesabu chenye 0, kwa hiyo uamuzi wako hapa unabadilisha jibu.

Tatu, ukitumia kompyuta au simu, andika 1400 tupu. Ukiandika 1400/= programu itaona maneno, itakiruka kisanduku hicho kimyakimya, na haitakuonya. Nimekaa jioni nzima na mwenye duka la rejareja tukitafuta siku nne zilizopotea kwenye hesabu yake, kumbe zote zilikuwa na alama hiyo ya shilingi.

Ili kuwa na hakika, hesabu kwa kidole idadi ya siku, kisha andika =COUNT(B2:B15), ukiweka visanduku vyako mahali pa hivyo. Namba hizo mbili zikilingana, endelea. Zisipolingana, usiendelee hata kama una haraka.

## Hatua ya 3: Zipange na uzitazame

Andika namba kutoka ndogo hadi kubwa. Haya ni mauzo ya wiki moja ya kibanda cha chapati, kwa shilingi:

1,250 – 1,300 – 1,350 – 1,400 – 1,500 – 1,600 – 9,100

Sasa chora mstari na utie kidoa kwa kila namba. Utaona moja ya sura tatu.

Rundo moja lililokusanyika: huna shida, aina nyingi za wastani zitakupa majibu yanayokaribiana.

Rundo lenye mkia: vidoa vingi pamoja, kimoja au viwili mbali, kama hapa juu. Ile 9,100 ilikuwa oda ya chapati za matanga. Sura hii ndiyo ya mapato, mishahara, kodi za nyumba na bei za viwanja.

Marundo mawili: hapa uwe mwangalifu kuliko kote. Chukua darasa la wanafunzi 20 katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ambapo A ni pointi 12 na E ni pointi 1. Kumi wamepata A-, pointi 11. Kumi wamepata D, pointi 3. Wastani wa darasa ni pointi 7, yaani C+, alama ya chini ya kujiunga na chuo kikuu. Mzazi akisoma 7 ubaoni anafikiri darasa zima limefika mlangoni pa chuo. Ukweli ni kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyepata C+, na nusu yao wameachwa mbali sana. Ukiona marundo mawili, gawa namba katika makundi mawili na uandike wastani mbili. Hakuna aina ya wastani itakayokuokoa usipofanya hivyo, na watoto kumi wa rundo la chini wanastahili kuonekana.

## Hatua ya 4: Swali la jumla, tumia wastani wa kawaida

Jumlisha zote, gawanya kwa idadi. Kwa kibanda chetu: 17,500 ÷ 7 = 2,500.

Namba hii inalinda jumla. Ukizidisha 2,500 kwa siku 7 unarudi kwenye 17,500 kamili. Kwa hiyo itumie unapopanga unga wa mwezi, unapogawana faida, au unapolinganisha mapato ya kipindi kizima na matumizi yake.

Onyo: 2,500 haikutokea siku yoyote. Siku sita kati ya saba zilikuwa chini ya 1,700. Mwenye kibanda akiahidi kulipa mkopo wa 2,000 kila jioni kwa kuutegemea wastani huu, atakwama jioni sita kwa wiki.

Onyo la pili: usifute ile 9,100 eti kwa sababu inaharibu hesabu. Pesa hizo ziliingia, na unga wake ulinunuliwa. Futa namba ikiwa iliandikwa vibaya tu.

## Hatua ya 5: Swali la siku ya kawaida, tumia mediani

Kwenye namba ulizopanga, nenda katikati. Kati ya saba, ya nne ndiyo mediani: 1,400. Idadi ikiwa shufwa, chukua mbili za katikati, zijumlishe, gawanya kwa mbili. Kwenye jedwali la kompyuta andika =MEDIAN(B2:B15).

Mediani haiguswi na ukubwa wa mkia. Oda ya matanga ingekuwa 9,100 au 90,000, mediani ingebaki 1,400. Ndiyo namba ya kutumia unapouliza: mtu wa katikati anapata nini? Nyumba ya katikati mtaani inalipiwa kodi gani? Siku ya kawaida naweza kutoa mchango gani?

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa katibu wa chama cha watu kumi na wawili. Tulijumlisha mapato ya wote ya wiki, tukagawanya kwa kumi na wawili, tukaweka mchango kuwa sehemu ya kumi ya jibu hilo. Wenzetu wawili walikuwa na maduka makubwa, sisi wengine tulikuwa wa mboga na mitumba. Mchango ulionekana mdogo kwenye karatasi, lakini kwa wengi ulikuwa mzigo, na wanne walitoka kabla ya mwaka kuisha. Tungetumia mediani, wangebaki. Mmoja wao ni jirani yangu, na kila tunapokutana dukani nakumbuka mstari ule wa mwisho wa hesabu.

Onyo: mediani haizidishwi ili kupata jumla. 1,400 mara 7 ni 9,800, na wiki ilileta 17,500. Ukipanga manunuzi ya mwezi kwa mediani utajikuta huna unga oda ikija.

Umefaulu ukiweza kuonyesha kidoa cha mediani kwenye mchoro wako na kuhesabu vidoa vilevile kulia na kushoto.

## Hatua ya 6: Swali la "kipi zaidi", tumia modi

Modi ni thamani inayojirudia mara nyingi zaidi. Muuza viatu vya mitumba Gikomba ameuza jozi 20: namba 32 jozi saba, 33 jozi tatu, 40 jozi mbili, 41 jozi sita, 42 jozi mbili.

Wastani wa kawaida ni 36.65. Mediani ni 36.5. Hakuna mteja wake hata mmoja aliyevaa 36, na akienda kuchagua mzigo kwa namba hiyo utamlalia. Modi inamwambia 32, na ukitazama vidoa unaona rundo la pili kwenye 41: watoto wa shule na watu wazima. Achukue zote mbili.

Kwa vitu visivyo namba, kama rangi ya sweta au njia ya malipo, modi ndiyo pekee inayowezekana. Angalia tu kwamba =MODE hutoa jibu moja hata zikiwepo mbili zinazolingana. Vidoa vyako ndivyo vitakuambia ukweli.

## Hatua ya 7: Namba zenye uzito tofauti, rudi kwenye jumla mbili

Mama mboga amenunua nyanya Marikiti kwa siku mbili. Jumatatu kreti 2 kwa shilingi 4,000 kila moja. Alhamisi kreti 6 kwa shilingi 6,000 kila moja. Kreti ilimgharimu kiasi gani kwa wastani?

Jibu la haraka ni 5,000, katikati ya bei mbili. Si kweli. Alitoa 8,000 na 36,000, jumla 44,000, kwa kreti 8. Hiyo ni 5,500 kwa kreti. Akipanga bei zake akidhani gharama ni 5,000, amekosea kwa shilingi 500 kila kreti, yaani 4,000 kwa mzigo wote.

Huu unaitwa wastani wenye uzito, lakini huhitaji jina wala fomula. Sheria ni moja: tafuta jumla ya juu, tafuta jumla ya chini, gawanya mara moja tu, mwishoni. Pesa zote kwa kreti zote. Pointi zote kwa wanafunzi wote. Watu wote kwa kaya zote.

Mfano wa kitaifa. Katika sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na kaya moja ilikuwa na watu 2.9 kwa wastani. Mandera ilikuwa na watu 867,457, wastani 6.9 kwa kaya. Ukichukua katikati ya 2.9 na 6.9 utasema kaya za kaunti hizi mbili kwa pamoja zina watu 4.9. Lakini Nairobi ina kaya takriban milioni 1.5, na Mandera takriban 126,000. Gawanya watu wote kwa kaya zote, unapata kama 3.2. Nairobi inavuta jibu upande wake kwa sababu ina kaya nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukiona mtu anachukua wastani wa wastani mbalimbali, mwulize idadi iliyo nyuma ya kila mmoja. Kama idadi hizo hazilingani, jibu lake halifai.

## Hatua ya 8: Pesa zinazokua au kupungua kwa asilimia

Hisa zako zimepanda asilimia 50 mwaka wa kwanza, zikashuka asilimia 50 mwaka wa pili. Wastani wa kawaida unasema sifuri, hukupata wala hukupoteza. Sasa fuata pesa zenyewe: 100,000 zinakuwa 150,000, kisha nusu yake inaondoka, unabaki na 75,000. Umepoteza robo ya pesa zako huku karatasi ikisema mambo ni sawa.

Asilimia za miaka mfululizo huzidishana, hazijumlishwi. Kwa hiyo tunatumia wastani wa kijiometri, hivi:

1. Gawanya pesa za mwisho kwa pesa za mwanzo.
2. Chukua kipeuo kulingana na idadi ya miaka. Miaka miwili, bonyeza √ mara moja. Miaka minne, bonyeza √ mara mbili.
3. Ondoa 1, zidisha kwa 100.

Jaribu sasa hivi. Akiba ya 50,000 imefika 73,205 baada ya miaka minne, bila wewe kuongeza chochote. 73,205 ÷ 50,000 = 1.4641. Bonyeza √ unaona 1.21. Bonyeza tena, 1.1. Ukuaji ni asilimia 10 kwa mwaka. Simu yako ikionyesha 1.1, umeielewa hatua hii.

Anayegawanya asilimia 46.41 kwa miaka minne atapata asilimia 11.6, na kiwango hicho kingezifikisha pesa zako zaidi ya 77,500. Pesa hizo hazipo. Yeyote anayekuuzia uwekezaji kwa "wastani wa faida kwa mwaka", mwombe akupe kiasi cha mwanzo na cha mwisho, kisha ubonyeze √ mwenyewe.

Ukitumia =GEOMEAN, weka vizidishi kama 1.5 (kupanda asilimia 50) na 0.5 (kushuka asilimia 50), kamwe si 50 na -50. Ukiweka hasi au sifuri itakataa.

## Hatua ya 9: Kasi, na bei kwa pesa zilezile

Boda anakwenda kilomita 20 kwenye msongamano wa asubuhi kwa kasi ya 20 kwa saa, anarudi kilomita zilezile usiku kwa 60 kwa saa. Kasi yake ya wastani si 40. Kwenda ni dakika 60, kurudi ni 20. Kilomita 40 kwa dakika 80 ni kilomita 30 kwa saa. Aliyepanga siku yake kwa 40 alitarajia kumaliza kwa saa moja, na amechelewa dakika 20.

Jina la hesabu hii ni wastani wa hamoniki, na ipo =HARMEAN ukiitaka. Mimi huwafundisha watu jumla kwa jumla tu, kama kwenye hatua ya 7: kilomita zote kwa muda wote. Haikosei hata safari zikiwa za urefu tofauti, ilhali hamoniki ya kawaida inataka umbali uwe sawa. Na kama angeendesha saa nzima kwa 20 na saa nzima kwa 60, muda ungekuwa sawa na 40 ingekuwa sahihi.

Vivyo hivyo kwa anayenunua maharagwe ya shilingi 1,000 kila wiki. Wiki moja kilo ni 100, nyingine ni 200. Amepata kilo 10, kisha 5: shilingi 2,000 kwa kilo 15, karibu 133 kwa kilo, wala si 150.

## Hatua ya 10: Jaribio la kubadilisha

Kabla ya kuamini jibu lolote, futa namba zako zote kichwani, kila mahali uweke wastani ulioupata. Je, kile kitu cha hatua ya 1 kimebaki vilevile?

Kreti 8 kwa 5,500 ni 44,000: imebaki. Kreti 8 kwa 5,000 ni 40,000: imevunjika. Miaka minne ya asilimia 10 inarudi 73,205: imebaki. Kilomita 40 kwa kasi ya 30 ni dakika 80: imebaki. Kwa mediani, kinachobaki si jumla bali nafasi: nusu chini, nusu juu.

Jaribio likivunjika, rudi hatua ya 1 kabla ya kulaumu kikokotoo. Mara nyingi nimekuta swali lenyewe lilikuwa mawili yaliyobanwa kwenye sentensi moja.

## Hatua ya 11: Iandike pamoja na wenzake

Usiandike "wastani 2,500" peke yake. Taja aina, idadi ya siku, ndogo kabisa, kubwa kabisa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Kwa kibanda cha Kayole mstari unakuwa hivi:

*Mauzo, siku 7. Wastani wa kawaida 2,500, kwa kununua unga. Mediani 1,400, kwa kupanga mkopo. Ndogo 1,250, kubwa 9,100 (oda ya matanga, Ijumaa).*

Mwenye kibanda aliyeniletea daftari lake alipoona mstari huo, aliomba mkopo wa kulipwa 400 kwa siku badala ya 2,000.